Namba za Matoleo ya Programu: Kila Sehemu na Wakati Wake, Daftari Liwe Moja

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakaazi





Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo kwa sura ni dogo, bali kwa athari ni kubwa, nalo ni namba inayoandikwa ubavuni mwa jina la programu ya kompyuta, kama vile 2.40 au 3.0. Watumishi wengi huiona namba hiyo kila siku wanapofungua kompyuta ya ofisi, nao huipita kama mpita njia apitavyo nguzo ya barabarani. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza namba hiyo inasema nini, kwa nini mfumo mmoja huweza kuwa na namba nyingi kwa wakati mmoja, na ni wajibu gani unaomwangukia kila anayeutumia.

Haja ya maelezo haya imetokana na kazi za Serikali zenyewe. Takwimu za afya, maombi ya dawa, orodha za watumishi na hesabu za mapato, ambazo zamani ziliandikwa kwa kalamu katika mabuku makubwa, leo hupita katika mifumo ya kompyuta. Mfumo wa namna hiyo ni mkusanyiko wa sehemu mbali mbali. Ipo sehemu iliyomo katika kompyuta kuu, ipo inayoonekana kwenye skrini ya karani, na ipo iliyomo katika simu ya mtumishi wa kituo. Kila sehemu ina mafundi wake, ina wakati wake wa kutengenezwa, na ina namba yake. Sehemu hizo zikipatana, hakuna anayezikumbuka. Zisipopatana kazi husimama, na pengine husimama kimya kimya, pasi na mtu kujua mpaka mwisho wa mwezi.

MFANO WA KIABAKARI

Ili jambo lifahamike vyema, inafaa utazamwe mfano wa mahali pamoja, na mahali hapo pawe mbali na bahari, isije ikadhaniwa kuwa shida hii ni ya visiwa peke yake. Kiabakari ni mji mdogo katika Wilaya ya Butiama, Mkoa wa Mara, juu ya barabara kuu itokayo Mwanza na Bunda. Zamani ulijulikana kwa mgodi wake wa dhahabu. Siku hizi jina lake husikika zaidi katika habari za maji, kwani limo katikati ya jina la mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaochukua maji ya Ziwa Viktoria na kuyapeleka katika vijiji vilivyo mbali na ufukwe.

Mradi wa maji wa namna hiyo unatoa somo zuri. Pampu, chujio, bomba kuu, tangi na mita ni vitu mbali mbali, na kila kimoja kina umri wake. Pampu ikichakaa hubadilishwa pampu peke yake. Hakuna mhandisi anayeng'oa bomba lote kwa sababu mita ya nyumba moja imeharibika. Lakini fundi anayeleta pampu mpya hana budi kujua bomba lina upana gani na linahimili msukumo kiasi gani. Akileta pampu yenye nguvu kuliko bomba, pampu itasifiwa kuwa ni nzuri, bomba litasifiwa kuwa lilikuwa zima, na maji yatamwagika njiani kabla ya kufika Butiama.

Sasa chukulia, kwa ajili ya kufundishia, muuguzi katika eneo hilo anayeandika chanjo za watoto katika simu ya kazi. Mtandao ukiwa haupo, simu huyahifadhi majina na tarehe. Mtandao ukirudi, huyapeleka katika kompyuta kuu. Wilaya iliyoko Butiama huyasoma, Mkoa ulioko Musoma huyasoma, na Wizara huyatumia kujua ni watoto wangapi wamechanjwa na ni dozi ngapi zipelekwe. Hapo zipo sehemu tatu kwa uchache, yaani programu ya simu, kompyuta kuu, na kurasa ambazo maafisa huzifungua kusoma majadweli.

Usiku mmoja simu hiyo hujisasisha yenyewe, yaani hupokea toleo jipya bila ya muuguzi kuombwa ruhusa. Ikiwa kompyuta kuu bado inatumia toleo la zamani ambalo simu haielewani nalo tena, asubuhi yake muuguzi ataandika kama kawaida, lakini alichokiandika hakitafika. Akishauriwa na mtu asiyejua kuwa aifute programu na kuiweka upya, majina yote ambayo hayajapelekwa yatafutika pamoja nayo. Mtoto aliyechanjwa ataonekana katika daftari la Serikali kuwa hakuchanjwa. Kosa halikuwa la muuguzi, wala la fundi wa simu, wala la fundi wa kompyuta kuu; kila mmoja alitimiza kazi yake. Kilichokosekana ni mtu mwenye jukumu la kujua ni namba ipi inapatana na ipi. Basi hilo ndilo kiini cha mazungumzo haya.

NENO TOLEO SI GENI

Watumishi wa Serikali wamelizoea neno toleo kuliko wanavyodhani. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilifanyiwa Marekebisho ya Kumi mwaka 2010, na nakala zilizochapishwa baada ya hapo huandikwa juu yake Toleo la 2010. Mtu akisoma nakala ya kabla ya marekebisho hayo, hatamkuta humo Makamu wa Kwanza wa Rais. Nakala yake haikuwa ya uongo. Ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Lakini akiitumia leo kujenga hoja, hoja yake haitasimama.

Hali kadhalika, Sheria ya Utumishi wa Umma ni Namba 2 ya mwaka 2011, na Kanuni zake zilitoka mwaka 2014. Kanuni zina uhai wao: zinaweza kurekebishwa bila ya Sheria kuguswa, na hilo huokoa muda wa Baraza la Wawakilishi. Hata hivyo Kanuni haziwezi kwenda kinyume na Sheria iliyozizaa. Hizi ni sehemu mbili zinazotolewa kwa nyakati mbili, kila moja ina namba na mwaka wake, na moja imefungwa na nyingine. Anayelielewa hilo ameshaelewa nusu ya mambo ya programu.

NAMBA INASEMA NINI

Mafundi wengi duniani hufuata utaratibu ulioandikwa na Mmarekani Tom Preston-Werner, ambao toleo lake la pili lilikamilika mwaka 2013. Kwa utaratibu huo namba ya toleo ina sehemu tatu zilizotenganishwa kwa nukta, mathalan 4.2.7.

Sehemu ya kwanza ikibadilika, maana yake ni kuwa kuna jambo limevunjwa, na sehemu nyingine zilizokuwa zikiitegemea programu hiyo huenda zisielewane nayo mpaka nazo zirekebishwe. Sehemu ya pili ikibadilika, maana yake ni kuwa kimeongezwa kitu kipya, lakini cha zamani kimebaki mahali pake. Sehemu ya tatu ikibadilika, maana yake ni kuwa kasoro imeondolewa, na hakuna kingine kilichoguswa. Kwa hiyo namba ni ahadi ya fundi kwa yule ambaye hawajapata kuonana. Anayesoma 4.2.7 na kisha 4.2.8 ameambiwa: chukua kwa amani. Anayesoma 5.0.0 ameambiwa: simama, soma kwanza.

Inafaa ifahamike pia kuwa nukta hizo si za hesabu ya desimali. Wako wanaodhani kuwa 2.9 ni kubwa kuliko 2.10, kwa vile tisa sehemu za kumi ni nyingi kuliko sehemu moja. Sivyo. Kila upande wa nukta huhesabiwa peke yake. Aliyekaa chuoni analijua hilo tangu utotoni: katika Sura ya 2, aya ya 9 hutangulia aya ya 10. Namba za matoleo husomwa vivyo hivyo.

KWA NINI SEHEMU ZISITOLEWE ZOTE PAMOJA

Swali hili huulizwa mara kwa mara, nalo ni la haki. Ikiwa namba nyingi huleta shida, kwa nini mfumo wote usipewe namba moja, ukatolewa siku moja?

Jawabu limo katika historia ya mfumo wa takwimu za afya ujulikanao kwa jina la DHIS. Mfumo huo ulianzia Afrika ya Kusini katika miaka ya tisini, baada ya kumalizika utawala wa ubaguzi. Zanzibar ilianza kuutumia mwaka 2005, ukiwa bado wa kizazi cha kwanza, na ukikaa katika kompyuta moja moja za ofisini. Kizazi cha pili, DHIS2, kilitengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, nacho hufanya kazi kwa njia ya mtandao. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara nayo ikaupokea katika miaka hiyo hiyo. Bara na Zanzibar kila upande una mfumo wake wa takwimu za afya na Wizara yake, kwa hiyo kila upande huamua wenyewe siku ya kuhamia toleo jipya.

Mwanzoni DHIS2 ilitolewa kama mzigo mmoja. Kiini cha mfumo na kurasa zake zote vilifungwa pamoja na kupewa namba moja. Utaratibu huo ulikuwa mwepesi kueleweka, lakini ulikuwa na gharama. Kasoro ndogo ikionekana katika ukurasa wa dashibodi, wizara zililazimika kusubiri toleo zima. Na wizara iliyotaka marekebisho hayo madogo ililazimika kubeba pia mabadiliko yote ya kiini, ambayo yanahitaji majaribio, mafunzo na pengine kompyuta mpya. Hali hiyo ni sawa na mwenye nyumba wa Kiabakari anayetaka mita mpya kuambiwa asubiri mpaka bomba lote kutoka ziwani libadilishwe.

Kwa sababu hiyo sehemu zilianza kutenganishwa. Programu ya simu hutolewa kwa ratiba yake na namba zake. Kurasa kadhaa nazo zilitolewa katika kifurushi, zikawekwa katika ghala la mtandaoni ambalo kila nchi huchukua kwa wakati wake. Kurasa hizo zikapewa namba zinazoanzia 100, na kwa hivyo anayeiona namba hiyo hawezi kuidhania kuwa ni ya kiini. Faida ni kuwa kasoro hurekebishwa upesi, na anayetaka badiliko dogo halazimiki kubeba kubwa.

HATARI ZAKE

Uhuru huo una bei yake, na haifai kuificha.

Hatari ya kwanza ni ya mkanganyiko. Mwaka 2023 kiini cha DHIS2 kilifikia 2.40, ambalo pia hutajwa kwa kifupi kuwa toleo la 40. Programu ya simu ilikuwa inakaribia 2.9, na baadaye ikafikia 3.0. Afisa asiyeelezwa akiona 2.9 kwenye simu na 2.40 kwenye kompyuta, atadhani simu imebaki nyuma kwa matoleo 31, na huenda akaagiza simu zote zifutwe. Kumbe hizo ni namba za vitu viwili, zilizofanana mwanzo kwa bahati tu.

Jambo kama hilo liliupata mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, ambao kazi yake ilianza mwaka 2004 na ambao mwaka 2006 uliwekwa Eldoret, Kenya. Mfumo huo una jukwaa, yaani msingi, na juu yake hukaa sehemu nyingi zinazoweza kuongezwa na kuondolewa. Ulipotoka mkusanyiko ulioitwa OpenMRS 2.0, jukwaa lililokuwa chini yake lilikuwa bado katika namba 1.9. Baadaye jukwaa lenyewe nalo likafikia 2.0. Basi watu wawili wakiulizwa kama wanatumia 2.0, wote wawili huweza kujibu ndiyo kwa ukweli, na kila mmoja akawa anazungumzia kitu chake.

Hatari ya pili ni ya wingi wa michanganyiko. Sehemu tatu, kila moja ikiwa na matoleo matatu yanayotumika, huzaa michanganyiko 27. Hakuna ofisi inayoweza kuijaribu yote. Kwa sababu hiyo mafundi wa DHIS2 huhudumia matoleo matatu ya mwisho tu ya kiini, na programu ya simu hutengenezwa ipatane na hayo matatu. Nchi inayobaki nyuma zaidi ya hapo hubaki peke yake, na simu zake zikijisasisha usiku, asubuhi hukutana na mlango uliofungwa.

Hatari ya tatu ni ya sehemu moja kusahauliwa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa, ilianza kutumia programu mpya iliyotakiwa kuwekwa katika kompyuta zake nane. Saba ziliwekewa, ya nane ilisahauliwa na ikabaki na programu ya zamani. Amri zile zile zilizofahamika sawasawa na kompyuta saba zilifahamika vingine na ile ya nane, nayo ikanunua na kuuza ovyo. Kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipoteza takriban dola milioni 440. Programu mpya haikuwa na lawama katika maangamizo hayo, na ile ya zamani ilifanya kama ilivyoandikwa. Kilichoangamiza ni kukaa kwao pamoja pasi na mtu kujua.

DAFTARI LA ULINGANIFU

Dawa ya hatari hizo ni daftari. Si lazima liwe la karatasi, lakini ni lazima liwe moja, liwe na mwenye kulitunza, na kila anayehusika aweze kulisoma. Katika daftari hilo huandikwa kila sehemu ya mfumo, namba ya toleo linalotumika, tarehe lilipowekwa, na matoleo ya sehemu nyingine ambayo limejaribiwa nayo na kupatana.

Mfano mwema wa daftari hilo umo katika mfumo wa kusimamia dawa na vifaa wa OpenLMIS. Mfumo wa eLMIS ulioanza kutumika Tanzania na Zambia ulijengwa juu ya matoleo yake ya mwanzo. Toleo la 3, lililotoka mwaka 2017, liligawanywa katika huduma mbali mbali: ya maombi ya dawa, ya hesabu za akiba, ya kutimiza oda, ya vibali vya watumiaji, ya kupeleka arifa, na nyinginezo. Kila huduma ina namba yake na hutolewa kwa wakati wake. Lakini juu ya zote upo mkusanyiko wenye namba yake wenyewe, na kila mkusanyiko unapotoka hutolewa pamoja nao orodha ya namba za huduma zilizomo. Mfamasia hahitaji kuzikumbuka namba zote. Anahitaji kutaja moja tu, ya mkusanyiko, na kutokana na hiyo fundi hujua nyingine zote.

Huo ndio ufumbuzi unaopendekezwa kwa ofisi zote zenye mifumo ya sehemu nyingi. Sehemu ziachiwe uhuru wa kutolewa kila moja kwa wakati wake. Mkusanyiko upewe namba moja ya kutajwa hadharani. Na baina ya viwili hivyo liwepo daftari. Jahazi hubadilishiwa tanga msimu huu na usukani msimu ujao, lakini nahodha ni mmoja, naye ndiye anayejua tanga hili linafaa kwa mlingoti upi.

NAMBA NI AMANA

Yapo mambo mawili ambayo mwenye kutoa matoleo hapaswi kuyafanya kabisa.

La kwanza ni kubadilisha kilichomo bila ya kubadilisha namba. Toleo likishatoka limetoka. Ikionekana kasoro, hata ya herufi moja, hutolewa jingine lenye namba mpya. Anayeirekebisha programu kwa siri na kuiachia namba ile ile huwafanya watu wawili wenye namba moja kuwa na vitu viwili, na tangu hapo daftari halina maana tena. Hilo halitofautiani na kubadilisha kifungu cha sheria iliyokwishachapishwa katika Gazeti Rasmi na kuiacha na namba na tarehe yake ya zamani.

La pili ni kuliondoa toleo ambalo wengine wanalitegemea. Mwezi wa Machi 2016 mwandishi wa programu ndogo iitwayo left-pad, yenye mistari 11 tu, aliiondoa katika ghala kubwa la mtandaoni la npm. Kwa kuwa programu nyingi kubwa ziliitegemea bila ya wenyewe kujua, mafundi katika nchi nyingi walishindwa kuendelea na kazi mpaka iliporejeshwa. Mistari 11 ilitosha. Udogo wa sehemu si kipimo cha umuhimu wake. Ufunguo ni mdogo kuliko mlango.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na maelezo hayo, watumishi na wakaazi wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, mtumishi wa kituo. Anaporipoti kuwa programu imekataa, asiseme tu kuwa haifanyi kazi. Ataje jina la sehemu, namba ya toleo kama inavyoonekana, na siku tatizo lilipoanza. Namba kamili huandikwa mpaka tarakimu ya mwisho, 2.40 na 2.40.3 si kitu kimoja. Na asiifute programu katika simu kabla ya kuhakikisha kuwa yote aliyoyaandika yamekwishapelekwa.

Pili, afisa wa wilaya. Ahakikishe kuwa simu za kazi hazijisasishi zenyewe, bali hupokea toleo pale tu agizo linapotoka. Kabla ya siku ya kubadilisha kompyuta kuu, vituo vyote vipewe muda wa kupeleka walichonacho. Kituo cha Micheweni au cha Makunduchi chenye mtandao dhaifu kihesabiwe siku zake, kama ambavyo Kiabakari ingehesabiwa zake.

Tatu, mkuu wa kitengo cha kompyuta katika wizara. Huyo ndiye anayefaa kulitunza daftari. Kabla ya kuhama, aijaribu michanganyiko itakayotumika kwa hakika, katika kompyuta ya majaribio na wala si katika ile inayobeba takwimu za wananchi. Awe na njia ya kurejea toleo la zamani iwapo jipya litashindwa. Na anapotangaza, atangaze kwa lugha ambayo kila muuguzi ataifahamu: nini kimebadilika, nani anahusika, nini kifanywe, na kabla ya siku gani.

Nne, viongozi wanaotia saini mikataba ya mifumo. Wasiridhike na jina la mfumo peke yake. Mkataba utaje matoleo yanayonunuliwa, muda yatakaohudumiwa, na nani atabeba gharama ya kuhamia yanayofuata. Mfumo usiotajwa toleo ni kama kiwanja kisichotajwa mipaka: siku ya kukabidhiwa hakuna ugomvi, ugomvi huja baadaye.

Tano, mwananchi. Naye ana haki katika jambo hili, kwani majina yaliyomo ni ya watoto wake. Akiambiwa kuwa mtoto haonekani katika kompyuta, aioneshe kadi ya kliniki aliyonayo mkononi, na mtumishi aipokee kwa heshima. Kadi iliyoandikwa kwa kalamu haina toleo, na haijisasishi usiku. Kwa hiyo kadi hizo zisitupwe.

HITIMISHO

Ndugu watumishi na wananchi,

Sehemu kuwa na namba nyingi si ishara ya vurugu. Ni dalili kuwa sehemu hizo zinatunzwa, kila moja na watu wake. Vurugu huanza pale ambapo hakuna anayeziandika. Maji ya ziwani hufika Butiama kwa kuwa yupo anayejua pampu ipi imefungwa kwenye bomba lipi. Takwimu za mtoto wa Kiabakari, kama zile za mtoto wa Wete, zitafika zinakotakiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Ofisi ambayo haijawa na daftari hilo inaweza kulianza leo kwa ukurasa mmoja wenye safu nne: sehemu, namba ya toleo, tarehe, na inayopatana nazo. Ukurasa huo hauhitaji fedha za bajeti wala ruhusa ya kikao. Unahitaji mtu mmoja aliyepewa jukumu kwa jina lake, na wenzake wanaojua kuwa ndiye wa kuulizwa.